Nadhiri ya Maji ya Kwanza

Mume wangu Rosamel ana kichwa kigumu, hilo hata punda wake analijua. Nimeishi naye tangu nikiwa na meno yote, nimepanda naye milima ya mpakani kila kiangazi na kushuka naye kila kipupwe kikikaribia, na sijawahi kumwona akirudi nyuma kwa neno alilolitamka mbele ya watu. Akisema jikoni, mimi na yeye tu, hapo unaweza kumgeuza ukimpa chai na muda. Lakini akishasema hadharani, basi, imekwisha, hata ulie machozi ya damu.

Na neno hili alilisema mbele ya kijiji chetu kizima cha Aguada Chica, mlangoni mwa kikanisa, siku ya Mtakatifu Isidro, kofia mkononi.

Sisi ni watu wa mbuzi. Hatuna zabibu kama watu wa bondeni, hatuna kijana mgodini wa kututumia chochote. Kiangazi, uwanda huu unapogeuka kikaango na mpini wa ndoo haushikiki bila kitambaa, tunawapandisha mbuzi milimani kwenye chemchemi na majani mabichi. Huko juu tunatengeneza jibini, na usiku tunajifunika ngozi za kondoo, maana hata Januari maji ya ndooni hufanya utando wa barafu. Tukishuka tunangoja mvua ya kipupwe. Kwetu mvua si kitu cha kila wiki, jamani. Ni moja, mbili kwa mwaka, zikifika tatu watu wanaoa. Mvua moja nzuri ya Juni huotesha nyasi za kuwafikisha mbuzi mpaka Desemba. Hatukuwa tunaomba makubwa.

Basi hata hiyo moja tukanyimwa. Ukapita mwaka, ukaja mwingine, ukaja mwingine, kukavu tu. Mjukuu wa Orfelina, yule mama anayetunza funguo za kikanisa, alipelekwa mjini Vallenar akiwa na umri wa kwenda shule, manyunyu yakamdondokea njiani, akakimbia ndani analia kwamba kuna mtu anammwagia maji. Tulicheka sana siku ile. Baadaye nikiwa peke yangu sikuona cha kuchekesha.

Mwaka ninaousema, chemchemi za milimani nazo zilikauka. Tulikuta matope yaliyopasuka na mifupa ya wanyama wa wenzetu waliotutangulia. Ikabidi tushuke Februari, katikati ya joto, wakati ambao hakuna mfugaji mwenye akili anayeshuka. Mbuzi waliofika walifika mifupa mitupu. Ukipitisha mkono mgongoni mwa mbuzi ulikuwa unahesabu kama rozari. Boza la maji lilikuja kutuletea maji ya kunywa sisi watu, nasi tukagawana na mbuzi, tukawa tunaoga kwa kitambaa. Marobota ya majani makavu tuliyapata kwa kubembeleza, na tuliwapa mbuzi kiganja kiganja, kama dawa.

Binti yetu Maritza, anayefanya kazi katika duka la mikate Vallenar, alikuja Jumapili moja akakaa jikoni na mkoba wake mapajani, dalili ya kwamba amekuja na jambo.

"Baba, wauzeni nusu," alisema. "Hao nusu watakaobaki watashiba."

"Nusu ipi?" Rosamel akauliza. "Ya kichwa au ya mkia?"

"Baba, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Wote wana mimba, mwanangu. Nikimpa mchinjaji mbuzi mwenye mimba, mvua ikinyesha kesho nitajitazama vipi?"

"Na isiponyesha?"

"Itanyesha."

"Nani kakwambia?"

Rosamel akatoka kwenda kuwatazama mbuzi, ambao alikuwa ametoka kuwatazama sasa hivi. Maritza akanigeukia. "Mama, chumba chenu kipo. Kina dirisha. Nimeshaweka kitanda." Nikamwambia ahsante mwanangu, kitanda kisubiri. Na mimi pia nilikuwa naisubiri mvua, sitaki mtu afikiri ni Rosamel peke yake aliyekuwa na wazimu huo. Bila mbuzi mimi ningekuwa nani, bibi wa dirishani?

Ikaja Mei, sikukuu ya Mtakatifu Isidro, mwombezi wa wakulima. Sanamu yetu ni ndogo, ya mti, ina kofia ya nyasi na fahali wawili, mmoja hana pembe. Kawaida tunamzungusha mara moja, anaona mashamba, anaimbiwa, anarudishwa kivulini. Mwaka ule watu walikuwa na hasira. Nolberto, jirani yetu wa upande wa barabara, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyeanza.

"Mwacheni huku huku nje," alisema. "Kila mwaka anapita haraka haraka kama mbunge. Akae juani aonje."

"Mtamharibu rangi!" Orfelina akapiga kelele.

"Mbuzi wangu wameharibika zaidi ya rangi, Bi Orfelina."

Tukamwacha nje juu ya meza. Ilikuwa siku ya Mei kama zilivyo siku zetu za Mei: asubuhi unavaa sweta mbili, saa sita unagombea kivuli na mbwa, na jua likitua tu meno yanaanza kugongana. Tulisimama pale mchana ule tunatokwa na jasho, tunamtazama mtakatifu naye anatutazama. Ndipo watu wakaanza kuweka nadhiri.

Kwetu nadhiri si mchezo. Ukitaka jambo kubwa kwa mtakatifu, unamwahidi kitu kitakachokuuma, naye akikupa, unalipa. Kuna aliyetambaa kwa magoti kwenye changarawe mpaka damu. Kuna dada yangu aliyekata nywele zake zilizokuwa zinafika kiunoni. Usipolipa, wanasema deni linakurudia kupitia mtoto au mfugo. Siku ile Orfelina aliahidi kutembea pekupeku toka mtoni. Nolberto akaahidi kuacha pombe, watu wakamzomea kwa furaha. Kisha Rosamel akasogea mbele, akavua kofia.

"Mtakatifu," alisema, "ukituletea maji, maji ya kwanza sitayakimbia. Sitajifunika mimi, wala sitamfungia ndani mbuzi wangu hata mmoja. Tutayapokea sote nje, kichwa wazi, mpaka tone la mwisho."

Lo! Watu walipiga makofi, wengine wakalia. Ilikuwa nadhiri nzuri kweli, nadhiri ya mfugaji, hakuna aliyewahi kuisikia. Nolberto tu ndiye aliyemsogelea akamnong'oneza, nami nikasikia: "Rosamel, si ungesema mpaka saa sita?"

Nyumbani nilimpokea vizuri.

"Tone la mwisho! Nani alikutuma tone la mwisho?"

"Maneno yalinitoka yenyewe."

"Yangekutoka mafupi basi! Mbuzi wenyewe hawana hata mafuta ya kukaangia yai. Unajua maji ya Juni yalivyo?"

"Zunilda, kwanza yaje. Hayajaja unayagombania."

Hapo alinishinda. Na kusema kweli, nani alikuwa anaamini yatakuja?

Juni ilipofika katikati, ukavuma upepo wa milimani. Huo ni upepo wetu wa ajabu, unashuka toka mashariki kipupwe kikiwa kimekolea, na ghafla kunakuwa na joto kama Januari. Usiku tulilala bila blanketi. Mbwa alilala chali. Watu wasioujua wanafurahi, wananunua soda baridi. Sisi tunatazamana tu, kwa sababu upepo ule ukikata, mara nyingi kuna kitu nyuma yake. Siku ulipokata, wingu lilikuwa limekaa upande wa kaskazini, jeusi, zito, halisogei. Tulikuwa tumesahau wingu la namna ile linafananaje. Rosamel alisimama mlangoni na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Nikamkalisha jikoni. Nilimkaangia mkate kwa mafuta, nikamwekea sukari nyingi, nikangoja ale. Kisha nikaanza taratibu.

"Mzee wangu, sikiliza. Wewe toka nje, lowa, kaa kichwa wazi, mimi nitakuletea poncho ukimaliza. Lakini mbuzi tuwaweke bandani. Tufunge turubai, wale wenye mimba kubwa tuwalete humu ndani. Mtakatifu Isidro naye alikuwa mkulima. Ataelewa."

Alizungusha kikombe chake mezani.

"Yeye ataelewa," alisema. "Mimi je? Nikimlaghai leo, mwakani nitamwomba nani?"

"Mwakani! Kwa mbuzi gani?"

Akanitazama. Nilimwona anageuka, naapa. Nilimjua mume wangu, nilijua mabega yake yanavyoshuka anapokubali bila kutaka kusema amekubali. Akasema, "Turubai liko wapi?" Nikajibu liko nyuma ya punda, lina tundu lakini linafaa. Akainuka.

Ndipo tukasikia sauti nje. Walikuwa wamekuja. Nolberto, Orfelina na funguo zake, wale ndugu wa kisimani, wanaokaa karibu na kisima, na wake zao na watoto, wamevaa kama wanakwenda harusi, wamekuja kutazama nadhiri inavyolipwa. Na matone yenyewe yalikuwa ndiyo yanaanza, makubwa, moja hapa, jingine kule, vumbi linaruka.

"Rosamel!" Nolberto akaita. "Umewafungulia? Usije ukatukatizia mvua, ndugu yangu. Ikikatika itatukatikia sisi sote."

"Jamani, mbuzi wamekonda," nikasema. "Wana mimba. Hebu muwe na huruma."

"Bi Zunilda, mvua imekuja kwa ajili ya neno lake. Si mbele yetu alisema?"

"Na mbuzi wako wako wapi, Nolberto?"

"Bandani."

"Ahaa! Bandani!"

"Wangu hawakuweka nadhiri, Bi Zunilda."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Walikuwa na furaha mpaka hawajui la kufanya na mikono yao. Rosamel alisimama kati yangu na wao. Kisha akavua kofia, akanipa niishike, akaenda kufungua zizi.

Nitasema na hili, kwa sababu ni kweli: ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizoishi. Mvua ilishuka ya vuguvugu, imebebwa na upepo wa kaskazini, haina ukali wowote. Ile harufu ya vumbi likilowa ilinipanda puani nikalia kama mtoto. Mbuzi mwanzoni walishtuka, kisha wakainua midomo, wakaanza kulamba hewa, kulambana mgongoni, wakitikisa mikia. Lucera, mbuzi wetu kiongozi mwenye alama nyeupe usoni, alianza kuruka huku na huku na mimba yake kama mwanambuzi. Watoto wa ndugu wa kisimani walivua viatu. Orfelina alipiga goti kwenye tope. Na Rosamel katikati ya mbuzi wake, maji yanamtiririka usoni, mdomo wazi, anacheka bila sauti. Nilimwendea nikamkumbatia mbele za watu, kitu tusichokifanya. Hasira yote ilikuwa imenitoka.

Saa sita wageni waliondoka. Mvua ikinyesha kwetu lazima ukaange maandazi ya maboga, na kila mwanamke alitaka kukimbilia jiko lake. Mimi pia nilikaanga. Nilimtolea Rosamel maandazi mawili kwenye sahani, akayala pale pale nje, yamelowa, akasema hajawahi kula kitu kitamu hivi. Mvua ilikuwa bado inashuka, polepole, imetulia.

Kwenye saa tisa upepo ukageuka. Nilikuwa jikoni nikahisi mlango umesukumwa kutoka upande usio wake. Kusini. Nikatoka. Mvua ilikuwa imebadilika, imekuwa nyembamba, inakuja kiubavu, kila tone kama sindano. Mbuzi hawakuwa wanaruka tena. Walikuwa wamejibana kwenye ukuta wa mawe wa zizi, vichwa chini, manyoya yamegandamana na ngozi, unaona mbavu na unaona mimba na huoni kitu kingine. Mbuzi akiwa na mafuta hutetemeka sana akilowa, na kutetemeka kunampa joto. Hawa walitetemeka kidogo, kisha wakaacha.

"Rosamel," nikasema. "Imetosha."

"Bado inanyesha."

"Imetosha, nimekwambia! Waingize!"

"Bado inanyesha, Zunilda." Midomo yake ilikuwa ya bluu, hakuweza hata kutamka jina langu vizuri.

Lucera akalala. Mbuzi mzima hawezi kulala kwenye maji, kila mfugaji anajua, mbuzi anachukia maji kuliko fisadi anavyochukia ukaguzi. Alikunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Nikapiga kelele nikasema nadhiri ni yake si yangu, mimi sikumwahidi mtakatifu yeyote kitu chochote. Nikamshika Lucera pembe nikamburuta mpaka jikoni. Nikarudi nikamshika mwingine. Walikuwa wepesi, masikini, lakini miguu yao haikusaidia, ilikuwa inakokoteka tu. Rosamel hakunizuia. Alisimama pale pale, kichwa wazi, anatazama juu, na kila nilipompita alikuwa anasema kitu chini kwa chini, na mwishowe nikasikia anachosema. Alikuwa anamwomba Mtakatifu Isidro aikatishe mvua.

Nikaburuta mpaka mikono ikagoma. Nikaketi kwenye tope nikamtukana Rosamel, nikamtukana Nolberto, nikamtukana na mtakatifu mwenyewe, Mungu anisamehe, na fahali wake asiye na pembe.

Jua lilipokuwa linazama ndipo tone la mwisho likaanguka. Rosamel alinyoosha kiganja, akangoja, akaona hakuna kitu. Hapo akawa kama kichaa. Akawabeba wawili wawili, begani, kwapani, akaita majina yao, akawajaza jikoni, chumbani, kitandani petu. Lakini mawingu yalikuwa yamefagiliwa yote, mbingu imebaki nyeupe peee, na kwetu mbingu ikiwa hivyo baada ya maji, baridi inashuka bila kizuizi. Tulichoma benchi. Tulichoma mlango wa ghala. Tulichoma rafu za jibini ambazo baba yake alizitengeneza kwa mkono. Kuni nyingine zote zilikuwa zimelowa.

Asubuhi uwanda mzima ulikuwa mweupe kwa jalidi, umande ulioganda. Wale ambao nyumba haikuwatosha walikuwa wamepandiana kando ya ukuta, wa chini wamebanwa wakafa kwa kukosa pumzi, wa juu wamekuwa wagumu kama mbao. Jua likatoka, zuri, la dhahabu, halina hatia. Mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye migongo yao, nami kwa sekunde nikadhani wanapumua. Kufika saa sita kulikuwa na joto hata nikavua sweta, na nilipojikuta ninaivua nikaona haya, sijui kwa nani.

Wa jikoni walitupa mimba zao, mmoja leo, mwingine kesho. Kisha kikohozi kikaja kumalizia. Lucera alikwenda wa mwisho, ameegemeza kidevu kwenye mguu wa meza. Majirani walikuja kutusaidia kuzika. Ardhi ilikuwa laini kwa mara ya kwanza baada ya miaka, jembe lilizama lenyewe, kazi ikaisha kabla ya mchana. Rosamel hakupata hata mafua. Hilo lilimwumiza, nilimwona. Alikuwa anajigusa kifua kila asubuhi kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza, na kifua kilikuwa kizima.

"Umelipa kwa niaba yetu sote, ndugu yangu," Nolberto alimwambia akiwa ameegemea jembe. "Hatutasahau." Na alikuwa anasema kweli, hana unafiki Nolberto. Mbuzi wake walikuwa wameupita usiku ule chini ya mabati, wakavu, wanatafuna.

Ikaja Agosti. Uwanda ukaanza kuchipua. Kwanza rangi ya kijani kwa mbali, unaiona ukiinama na ukisimama huioni. Kisha nyasi za kweli, kisha nyasi mpaka kwenye goti, majani laini yenye maji, ambayo mbuzi akiyala maziwa yanajaa ndoo mpaka yanafanya povu. Nilikuwa sijaona malisho kama yale tangu nilipoolewa. Kila asubuhi nilifungua dirisha yakawa pale, marefu zaidi ya jana, hakuna mdomo hata mmoja wa kuyala. Nilianza kuliacha dirisha limefungwa.

Nolberto akatuletea jibini la kwanza la msimu, limefungwa kwa kitambaa safi. Akaliweka mezani, akasema ni la shukrani, kutoka kwa wote. Rosamel alimshukuru, akatoka nje. Mimi nilitaka kumrushia usoni. Alipoondoka nililikata, nikala kipande, nikala kingine, nikalimaliza lote nimesimama. Lilikuwa jibini zuri mno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Septemba maua yakafunguka. Rangi ya zambarau mpaka kwenye vilima, njano katikati, na yale maua mekundu tunayoyaita añañuca yakasimama kando ya barabara. Magari yakaanza kuja kutoka mjini, kutoka Santiago, watu na kofia zao na watoto wao, wanashuka, wanapiga kelele za furaha, wanalala chini katikati ya maua wapigwe picha. Gazeti lilisema ni baraka.

Maritza alikuja na pikapu ya kuazima. Safari hii hakukaa na mkoba mapajani, alianza kubeba vyombo moja kwa moja, nasi hatukumwuliza. Magodoro, sufuria, mashine yangu ya kushonea. Punda tulimwacha kwa ndugu wa kisimani. Rosamel alikuwa anafunga kamba, anafanya fundo, analifungua, analifunga tena.

"Baba, limeshakaza," Maritza akamwambia.

"Ndiyo, mwanangu. Limeshakaza."

Tulipofika barabarani tulikuta magari yamesimama pande zote, hakuna pa kupita. Rosamel akashuka aone kama kuna mtu anaweza kusogeza lake. Mama mmoja kijana, mwenye miwani ya jua na mtoto mkononi, akamkimbilia na simu.

"Mzee wangu, shikamoo, tusaidie picha moja tu! Sisi wote, na maua nyuma."

Rosamel akaichukua ile simu kwa mikono miwili. Hajui simu za namna ile, yule mama akamwonyesha pa kugusa. Wakajipanga, baba, mama, watoto, wakacheka. Akawapiga picha. Akarudi nyuma hatua, akawapiga tena ili wasikose.

"Ahsante sana!" yule mama alisema akiangalia picha. "Lo, imetoka vizuri. Wewe ni wa hapa hapa? Mmebahatika jamani! Wanasema ilikuwa mvua moja tu iliyofanya haya yote. Fikiria, mvua moja!"

"Ndiyo, mama," Rosamel alisema kwa upole. "Mimi ndiye niliyeiomba."

Yule mama akacheka, akampiga begani akidhani ni mzaha wa wazee. Mume wake akasogeza gari. Rosamel akapanda, akakaa kati yangu na Maritza, akaweka mikono magotini, na Maritza akaondoa gari.